Spea Zilipofurika Kolwezi

Miaka ya tisini fundi wa Kolwezi hakufungua injini kabla hajajua anatafuta nini. Hakuwa na nafasi ya kukosea. Gasketi ya silinda hedi ikishabanduliwa hairudi mahali pake, na nyingine ilikuwa Lubumbashi, kilomita kama 300 kwa barabara iliyokatika, au haikuwepo kabisa. Kwa hiyo alipima kwanza. Aliutazama moshi, akagusa mipira ya rejeta, akavuta kijiti cha oili na kuinusa, akamuuliza mwenye gari tatizo lilianza lini na lilianzaje: injini ikiwa ya moto au ya baridi, mlimani au kwenye tambarare. Nawakumbuka wazee hao kwa heshima kubwa, na nimeuona utaratibu wao ukififia mwaka hadi mwaka. Maelezo ninayoyasikia juu ya kufifia kwake hayanitoshi. Wengi husema kompyuta ndiyo iliyoua ufundi. Mimi naona uliuawa mapema zaidi, na spea za bei rahisi, na naona pia kwamba sisi tunaotunza pikapu kuukuu kwa kupenda tu tuna wajibu wa kuuhifadhi.

Utaalamu huo ulikuwa na asili yake. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga, na kampuni hiyo ilipotaifishwa mwaka 1967, migodi na karakana zake zikawa mali ya shirika lililokuja kuitwa Gécamines. Kijana aliyeingia karakana alijifunza kwanza kusafisha kifaa, kisha kukitambua, kisha kukipima, na ilichukua muda mrefu kabla hajaruhusiwa kubadilisha kitu kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka, machafuko ya siasa yakafuata, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama moja ya kumi ya ule wa zamani. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Watu huandika sana juu ya shaba iliyopotea katika miaka hiyo. Juu ya mafundi waliorudi nyumbani na spana zao wameandika kidogo, ingawa hao ndio walioufanya ua wa nyumba kuwa karakana, chini ya mwembe, na kila kijana wa mtaa akawaita papa, yaani baba, na kuja kuwashikia taa.

Walichokijua kilikuwa maarifa ya mahali hapa hasa. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayangoji 100, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Springi ya kifuniko ikilegea, gari lililokwenda vizuri pwani litachemka hapa kwenye mlima mdogo tu, na mtu atakayebadilisha rejeta nzima, au pampu ya maji, hatapata nafuu. Hewa nayo ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser au 2L ya Hilux, huvuta hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ambavyo ingevuta Dar es Salaam, kwa hiyo pampu ya dizeli iliyopimwa kwa ajili ya pwani humwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, na moshi hutoka mweusi. Fundi asiyejua hilo huona gari limekosa nguvu, akakaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, na moshi ukazidi. Mzee wa karakana alianza na filta ya hewa, kwa sababu kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi letu jekundu huijaza kabla ya wakati wowote ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kisha kulikuwa na kipimo ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote. Injini ikitetemeka, huiachi izime. Ikiwa inazunguka polepole, unalegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza mpaka dizeli ichuruzike, na unasikiliza. Mngurumo ukibadilika na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Unakaza na kuhamia ya pili. Ukifika kwenye silinda ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika, umeipata yenye ugonjwa. Ukibadilishana nozeli yake na ya jirani, unajua kama kosa limehama na nozeli au limebaki na silinda. Hujatumia faranga hata moja, na umeshajibu maswali mawili. Nasisitiza kwamba kipimo hiki ni cha pampu za zamani tu. Katika injini mpya zenye reli moja ya dizeli, shinikizo linaweza kuzidi baa 1,000, na anayelegeza nati injini ikiwaka anaweza kuchomwa ngozi na dizeli yenyewe.

Baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002 makampuni mapya yaliingia, fedha ikaanza kuzunguka, na malori yakaanza kuleta kupitia mpaka wa Kasumbalesa kila aina ya spea kutoka Dubai na Uchina, nyingi zikiwa na maboksi yanayofanana kabisa na ya asili. Hapo ndipo tabia ilipogeuka. Nozeli ilipokuwa adimu, kupima kulikuwa rahisi kuliko kununua. Nozeli ilipopatikana kila kona, kununua kukaonekana rahisi kuliko kupima. Gari likitoa moshi mweusi, zinabadilishwa nozeli zote. Moshi ukiendelea, inaondolewa pampu. Ukiendelea tena, mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Na spea ya bandia huleta ubaya mwingine ambao sijasikia ukitajwa vya kutosha: inaharibu ushahidi. Kifaa kipya kilicho kibovu kikishafungwa, fundi anakiondoa katika hesabu yake kwa sababu ni kipya, na tangu hapo anatafuta kosa mahali pote isipokuwa mahali lilipo. Tena kubadilisha kifaa hakuondoi chanzo cha kosa: dizeli ya makadafi, wanaoiuza kwa madumu kando ya barabara, mara nyingine ina maji, na pampu hizi za zamani hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Pampu mpya iliyofungwa bila kumwaga maji yaliyo chini ya filta itakufa kama ile ya kwanza.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: kwamba nasifu umaskini. Uhaba haukuzaa hekima peke yake. Ulizaa pia waya wa chuma mahali pa boliti, kipande cha tyubu ya baiskeli mahali pa bushi, na ile desturi mbaya ya kung'oa themostati gari likichemka, ambayo bado ipo mpaka leo na inaifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi, ichome oili na kuliwa silinda zake. Yote hayo nayakubali. Sitaki spea ziadimike tena, na mtu aliyewahi kulala porini kati ya Likasi na Kolwezi kwa kukosa mkanda wa feni hatanisikiliza nikisema vinginevyo. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Wale walioziba kwa waya na wale waliopima walikuwa katika uhaba mmoja, na kilichowatenga ni malezi ya karakana. Uhaba uliwalinda waliolelewa vizuri kwa kuifanya subira yao iwe na faida. Wingi wa spea uliondoa ulinzi huo, na malezi yenyewe yalikuwa yameshakoma.

Jibu la pili ni zito zaidi: kwamba magari ya sasa hujieleza yenyewe, unachomeka skana na namba ya kosa inajitokeza. Lakini itazame namba yenyewe. P0087 inakuambia shinikizo la reli ya dizeli liko chini. Haikuambii kama filta imeziba, kama bomba linavuta hewa, kama dizeli ina maji, kama pampu imekwisha au kama nozeli zinarudisha dizeli kupita kiasi. Hayo ni maswali yale yale ya pikapu ya mwaka 1990, na yanajibiwa kwa mpangilio ule ule, kutoka kwenye kitu rahisi na cha bure kwenda kwenye kigumu na cha gharama. Nimewaona vijana hodari wa skana, na hodari zaidi miongoni mwao ni wale walioanza na injini ya zamani, ambamo waya mmoja kwenye pampu huruhusu dizeli ipite na mengine yote yanaonekana kwa macho. Mtu akishaelewa njia ya dizeli kutoka tangi hadi silinda, kompyuta inamsaidia. Asipoielewa, inamtuma dukani.

Wanaosema pikapu hizi ni za hatari wana haki, na sitawabishia. Hazina mifuko ya hewa wala breki zisizofunga magurudumu, na kubeba watu juu ya magunia nyuma ya Hilux ya zamani ni jambo ambalo hakuna servisi inayoweza kulifanya salama. Kwa hiyo simshauri mtu aitegemee kwa safari za kila siku kwenye barabara ya malori yanayopeleka asidi migodini. Nashauri iwepo uani, ifunguliwe, ifungwe, iendeshwe taratibu ndani ya mtaa, na iwe na daftari lake: tarehe, dalili, kilichopimwa, kilichoonekana, na mwisho kabisa kilichobadilishwa.

Na kuna jambo makampuni ya migodi ya mkoa wetu wa Lualaba yangeweza kulifanya bila gharama ya maana. Magari yao yanapofikia muda wake huondolewa kazini, mengi yakiwa na injini nzima. Wangetoa injini moja ya 1HZ kwa kila shule ya ufundi ya mkoa, ifungwe kwenye fremu ya chuma yenye rejeta, betri na tangi dogo la dizeli. Mwalimu angelegeza bomba moja au kuweka filta iliyoziba kabla wanafunzi hawajaingia, na mwanafunzi asingeruhusiwa kugusa spana mpaka aandike ubaoni kosa analolidhani, na kipimo kitakachomwonyesha kama amekosea. Mafundi wa Gécamines walio hai wangeweza kuisimamia kazi hiyo, lakini wengi wao wameshavuka miaka sabini.