Spidomita Haioni Tairi

Ubavuni mwa tairi la pikapu pana maandishi ambayo wengi huyasoma siku ya kununua tu: 265/65R17. Upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Milimita, asilimia na inchi zimebanana kwenye mstari mmoja, na hakuna anayelalamika. (Ile R, kwa wanaoapa kuwa ni ya rimu, inataja tu namna nyuzi za ndani zilivyopangwa.) Hilux yangu ilikuja na saizi hiyo. Nimeivalisha 265/70R17: rimu ileile, upana uleule, ubavu mrefu zaidi.

Sababu ni tope. Anayebeba mpunga kutoka mashamba ya Kilombero anaijua barabara ya Ifakara kwenda Mlimba wakati wa masika. Malori yanachimba makorongo mawili, katikati linabaki tuta, na tuta hilo ndilo linalokwaruza difu. Vijana walinishauri niinue springi. Springi zinainua bodi. Difu ya nyuma imekaa kwenye ekseli, na ekseli haitapanda hata milimita moja mpaka tairi lenyewe likue.

Nikashika kalamu, maana ualimu hauishi mwilini hata ukistaafu. Tairi la zamani lina kimo cha milimita 776, jipya 803. Tofauti kama 27, na muuzaji atakutajia hiyo kwa sauti. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu: nusu ya ongezeko inakwenda juu kwenye madigadi, nusu ndiyo inayobaki chini ya difu. Kwa fedha zote zile nimenunua milimita 13, unene wa kidole cha mwisho. Bado nilinunua. Kwenye tuta la Mlimba kidole kimoja ni kitu kikubwa.

Ile nusu ya juu ndiyo iliyomshughulisha fundi. Alipaka chaki mabega ya tairi la mbele, akapandisha gurudumu moja juu ya kipande cha gogo ili springi ibonyee, kisha akaniambia nikate kona yote kulia, halafu yote kushoto. Kulia palikuwa shwari. Kushoto chaki ikahamia kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, mstari mweupe mfupi kama ukucha.

"Hapa litalamba, Mwalimu."

Nikamwambia barabarani sikusikia kitu.

"Barabarani ulikwenda sawa. Subiri ukate kona ndani ya shimo."

Akachukua kisu, akapunguza plastiki pale penye chaki, akarudia zoezi lote tangu mwanzo. Nimekutana na wakaguzi wa elimu ambao hawakuwahi kupima jambo kwa adabu hiyo. Sisi wengine maisha mapya tunayajaribu tukiwa tumesimama usawa. Mshahara ukipanda, tunaupima mwezi usio na msiba, usio na ada, usio na mgeni kutoka kijijini, tunaona unatosha, tunahamia nyumba kubwa. Kona na shimo vinakuja pamoja mwezi wa Januari.

Vijana wa kupakia nao walikuwa na hesabu yao. Tairi la kwanza lilikuwa na namba 112 ubavuni, yaani linahimili kilo 1,120. Hili lina 115, kilo 1,215. Hawakuzisoma namba, waliona tu ukubwa. "Mwalimu, si tuongeze gunia tano?" Nikakataa. Springi ni zilezile, breki ni zilezile, na breki hizo sasa zinasimamisha gurudumu zito zaidi na refu zaidi. Kwenye mlima Kitonga, nikipeleka mzigo Iringa, gari lenyewe linaniambia kuwa gurudumu limekua: mahali nilipozoea kupanda na gia ya tatu, sasa linaomba ya pili mapema. Silioneshi ubabe, nalishushia gia.

Lakini jambo lililonikalisha kitako ni spidomita. Spidomita haioni tairi. Inahesabu mizunguko, kisha inazidisha kwa mzingo wa tairi alilolijua mtengenezaji siku gari linatoka kiwandani. Tairi jipya linakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 3.4 katika kila mzunguko. Kilomita 100 za dashibodi ni kilomita 103 na ushee za ardhini. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba tairi kubwa zinakunywa mafuta: zinakunywa kweli kidogo, kwa uzito wake, lakini sehemu ya kiu hiyo ni hesabu tu, kwa kuwa safari imeandikwa fupi kuliko ilivyokuwa.

Na kuna hisani moja iliyokuwa imefichwa humo. Kanuni za kimataifa za magari haziruhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi, kwa hiyo watengenezaji huitega isome juu kidogo. Mshale ukionesha 50, zamani ulikuwa chini ya 50 bila kujua. Tairi kubwa limeila ile nafasi. Kwenye vijiji vya barabara kuu ya Morogoro, askari akiwa na tochi yake nyuma ya mwembe na faini ni shilingi 30,000, siendi tena kwa kuutazama mshale tu. Nauacha kwenye 45.

Hapo ndipo nilipojielewa mwenyewe. Tangu nistaafu nilikuwa najiona mvivu. Ualimu ulinizoesha kuhesabu vipindi: vipindi sita, siku imekwenda, vipindi viwili, umekula mshahara wa bure. Kwenye mpunga naweza kukaa asubuhi nzima chini ya mti na mkulima mmoja, tunazungumzia mbegu na mtoto wake anayesoma Ifakara, na jioni najihesabu sikufanya kitu. Kumbe mazungumzo hayo ndiyo yanayonipa mzigo wa msimu mzima. Mizunguko imepungua, ardhi iliyopitwa imeongezeka, na ile saa ya kichwani bado inazidisha kwa saizi ya zamani. Namwona hata mama yangu kwa jicho jingine. Siku hizi anafanya jambo moja kwa siku, mara nyingi ni kumpigia mtu simu. Ukoo wetu umesimama kwa simu hizo.

Injini, hata hivyo, sikuibadilishia ratiba. Yenyewe haijali kilomita za ardhini, inajali imezunguka mara ngapi, na kwa hilo dashibodi ya zamani bado inasema kweli. Oili namwaga kwa namba ileile. Mgongo wangu nao una ratiba yake ya zamani, nikiwa mwalimu au mfanyabiashara, na sijaribu kubishana nao.

Jambo la mwisho fundi aliliuliza wakati naandaa malipo: "Na spea?" Watu wengi hununua manne na kuliacha lile dogo la zamani chini ya bodi. Siku ya pancha gari linatembea na mguu mmoja mfupi, difu inahangaika kusawazisha njia nzima, na ukiweka fowili mambo ni mabaya zaidi. Nikanunua la tano. Lilipanda chini ya bodi kwa kubana, akalitikisa mara mbili kuona kama linagonga, halikugonga. Spea yangu nyingine, fedha ya dharura iliyoko benki, bado ni ya saizi ya mshahara wa ualimu, wakati gunia moja la biashara likiharibika kwa mvua linameza robo yake. Hiyo nayo inasubiri mavuno ya mwaka huu, bei ikikaa vizuri.