Usivumilie Kimya

Wengi wetu tuliokulia Upare tulifundwa kuvumilia uchungu bila kulia. Lakini kuna mahali ambapo uvumilivu huo ni hatari.

Mwaka 2016 nilimhudumia mama kijana aliyeteremshwa kutoka Chome hadi hospitali moja ya huku chini, ajifungue kwa upasuaji. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Dakika chache baadaye niliona midomo yake inacheza, nikajua anaomba, nikamwacha. Nilipotazama kipimo, presha ilikuwa 70 kwa 40! Kumbe alikuwa na kichefuchefu, kizunguzungu na masikio kuvuma, akaona anakufa, lakini hakusema.

Sindano ile hulegeza mishipa ya damu, na presha hushuka. Mama akilala chali, mimba nayo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Hapo hata mtoto hukosa hewa ya kutosha. Tulimwekea mto chini ya nyonga ya kulia aegemee kushoto, tukaongeza kasi ya dripu, na mtaalamu wa usingizi akampa dawa ya kupandisha presha. Rangi ikamrudia. Punde mtoto akalia.

"Niliona haya kuwasumbua, mama," aliniambia baadaye.

Nilijilaumu, maana ningemwuliza mapema. Tangu siku ile humwambia kila mama: "Omba, mwanangu, lakini ukihisi vibaya sema hapo hapo." Hali hii hutokea mara nyingi, na ikijulikana mapema hutibika.