Paka wa Mkomani

Mwenye kufika Amu kwa mashua kutoka Mokowe hulakiwa na punda na paka kabla ya wenyeji. Punda hupita na mizigo katika vichochoro visivyoingia gari. Paka hujilaza gatini wakiwangoja wavuvi. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu wa kale katika orodha ya urithi wa dunia, lakini paka walitangulia kuurithi.

Nilikuwa mgeni wa nyumba moja mtaani Mkomani. Baada ya sala ya alasiri, paka wa nyumba alianguka ghafla karibu na ngazi. Miguu ilikakamaa, akatapatapa, mate na mkojo vikamtoka. Mtoto akalia. Mzee mmoja akasema ni jini. Nyuso zote zikanigeukia mimi, nami nikanyoosha mikono nimshike.

“Shekhe, soma,” mama mwenye nyumba aliniambia kwa adabu, “lakini usimshike.”

Aliweka mto kati ya paka na ngazi za mawe, akafunga dirisha, akatunyamazisha, kisha akaitazama saa. Hakumtia kitu mdomoni wala hakummwagia maji. Kabla ya dakika 2 kutimia, paka akatulia. Akaamka akiyumba na kugonga kuta kama asiyeona. Alilazwa chumba cha ndani, chenye kiza na utulivu, na hakupewa chakula wala maji mpaka alipotembea sawasawa.

Nilimuuliza mama yule alijifunza wapi. Akasema mwanawe wa kwanza alikuwa na kifafa. Watu walimpanua kinywa kwa kijiko hata wakamvunja meno mawili, kabla hospitali haijamfundisha mama la kufanya. Aliyeshikwa hajijui wala hamezi ulimi wake. Mnyama katika hali hiyo humng’ata hata mlezi wake.

Asubuhi tulimtia paka kikapuni, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Aliuliza kama kulikuwa na sumu ya panya, au kama paka alipakwa dawa ya viroboto ya mbwa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo humdhuru paka. Akauliza pia kama amechanjwa kichaa cha mbwa, maana maradhi hayo humpata paka na humuua binadamu. Alhamdulillahi, alikuwa amechanjwa. Ambaye hushuku mnyama na akang’atwa au kuparurwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari hakutoa vidonge kwa tukio moja. Alimwagiza mama aandike tarehe na muda likirudi; likizidi dakika 5, au likifuatana, asingoje asubuhi. Akaonya dhidi ya dawa za binadamu: parasetamoli humuua paka.

Miaka mingi nimesomesha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, nikidhani rehema ni moyo laini tu. Nyumba ile ilinifunza kwamba rehema ina elimu yake. Dua yangu haikukatazwa. Kilichozuiwa ni mkono usiojua. Na iwapo paka astahili hifadhi ile, mtoto wa jirani mwenye kifafa astahili zaidi: asiitwe mwenye jini, wala asivunjwe meno.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo za huruma na mikono yenye kujua. Amin.