Tumesamehewa, Mbona Bado Tunalipa?



Kuomba msamaha kwa Mungu tunajua. Tumefundishwa tangu Shule ya Jumapili, na kila ibada inaanza kwa maungamo. Lakini katika kikundi chetu cha akina mama, tunaokutana kila Alhamisi saa tisa alasiri, tumeona kwamba kinachotushinda wengi ni kuupokea msamaha huo. Mama anaungama dhambi yake leo. Juma lijalo anaiungama ile ile. Kwaresima ikifika anairudia, na akishikwa na homa usiku anairudia tena kwa machozi, kana kwamba haijawahi kutajwa mbele za Mungu. Ukimwuliza kama Mungu husamehe, atakujibu upesi kwamba husamehe, na 1 Yohana 1:9 atakutajia bila hata kufungua Biblia. Mtazame anavyoishi, utaona mtu mwenye deni dukani, anayepita njia ya nyuma ili mwenye duka asimwone.

Mwaka huu tumekuwa tukisoma kitabu cha Mwanzo sura kwa sura. Habari za Yusufu kila mtu anazijua, hata watoto wetu huziigiza kanisani wakati wa sikukuu. Anavuliwa kanzu yake, anatupwa shimoni, anauzwa kwa vipande ishirini vya fedha, anafungwa gerezani, anakuwa mkuu katika Misri. Kisha ndugu zake wanakuja kununua nafaka, naye anajitambulisha kwao kwa kilio. Watoto wakifika hapo pazia linafungwa na watu wanapiga makofi. Sisi tuliendelea mpaka sura ya 50, na hapo ndipo tulipokaa majuma matatu.

Hebu tuhesabu miaka, maana Biblia yenyewe imetuwekea hesabu. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipokuwa akichunga pamoja na ndugu zake. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, ndipo akajitambulisha kwao, naye ana miaka kama 39. Aliwabusu ndugu zake wote akalia juu yao. Aliwaambia wasijichukie kwa yale waliyotenda. Na tazama jambo hili ambalo ni rahisi kulipita: aliwapa kila mmoja mavazi (Mwanzo 45:22). Wao walimvua kanzu, yeye akawavika. Akawaleta Gosheni pamoja na baba yao na watoto wao, akawalisha. Yakobo aliishi Misri miaka 17, akafa ana miaka 147.

Baba alipokwisha kuzikwa kule Makpela, ndugu wale wakaogopa. Walisema kwamba huenda Yusufu sasa atawalipa mabaya yao yote. Wakamtumia ujumbe kwamba marehemu baba aliagiza wasamehewe, kisha wakaja wenyewe wakaanguka mbele yake, wakajitoa kuwa watumwa wake.

Miaka kumi na saba! Kwa muda wote huo walikula chakula cha mtu aliyewasamehe, wakalea watoto katika nchi aliyowapa, wakalala usiku wakidhani kwamba kinachowalinda ni uhai wa mzee tu. Msamaha waliupata ule wa kweli, siku ile ile ya machozi, lakini wao hawakuuamini. Na Biblia yasema kwamba waliposema naye maneno yale, Yusufu alilia. Alhamisi ile tulijadiliana sana kwa nini alilia. Mmoja wetu, mama mwenye umri mkubwa kuliko sisi sote, alisema, “Mtu ukimpikia miaka kumi na saba, halafu ukagundua kila siku alikuwa anaonja kama kuna sumu, wewe hutalia?” Hatukuhitaji mafafanuzi mengine.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja alipoanza kulia naye. Ameturuhusu tuandike habari zake bila kumtaja jina. Huyu ni mama ambaye ukifika kanisani mapema Jumamosi utamkuta na ufagio. Penye harusi au msiba, sufuria kubwa ni zake kuosha. Zamu ya kumtembelea mgonjwa ikikosa mtu, yuko tayari. Ila siku za Meza ya Bwana alikuwa na desturi ya kupata kazi nje, kuwaangalia watoto au kuchemsha maji ya chai ya wageni.

Habari yenyewe ni hii. Miaka tisa iliyopita alikosana na mama mkwe wake kwa ajili ya shamba. Maneno mazito yalisemwa pande zote mbili. Baadaye mama mkwe akaugua kijijini, akatuma mtu kumwita. Yeye akajibu kwamba atakwenda baada ya mavuno. Nauli alikuwa nayo. Mavuno yenyewe yalikuwa yamekwisha, ila moyo wake ulikataa. Mama mkwe akafariki kabla hajafika.

“Nilimwomba Mungu msamaha,” alituambia. “Lakini kijana wangu ameoa mwaka jana, na tangu siku ya harusi ninangoja tu mkwe wangu anilipe.”

Mama mchungaji alimwuliza swali moja. “Ulimwomba Mungu msamaha lini?”

“Usiku ule ule wa msiba.”

“Na baada ya hapo?”

“Kila siku.”

“Basi, ile ya kwanza aliisikia.”

Tunaandika haya kwa sababu tunajua yuko mama anayesoma ukurasa huu huku ana jambo lake. Labda ni mimba aliyoitoa akiwa msichana. Labda ni fedha za watu, au ndoa iliyovunjika kwa ulimi wake. Ameungama, na bado anangoja pigo. Mtoto akiugua malaria, anasema moyoni, ndiyo hili. Mvua ikikosa, anasema, ni mimi. Anamtumikia Mungu kwa bidii kubwa, na bidii hiyo ni ya mtu anayepunguza deni kidogo kidogo, akiwa na hofu kwamba mwenye mali atabadili nia.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili. Kuna kumlipa jirani uliyemkosea, na kuna kumlipa Mungu. Lile la kwanza ni agizo. Torati ilimtaka aliyedhulumu arudishe mali ya mwenzake na kuongeza sehemu ya tano (Mambo ya Walawi 6:1-7). Zakayo alipania kurudisha mara nne. Wazee wetu wa Uamsho, ule uliopata nguvu huko Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na hata Tanganyika, walilijua sana jambo hili. Watu waliookoka walirudisha vitu walivyoiba, huku wakiimba Tukutendereza kwa furaha. Lakini tazama mpango wa habari ya Zakayo: Yesu alikwisha kuingia nyumbani mwake ndipo yeye akasimama kutaja mali. Kurudisha kulifuata kukaribishwa. Yuda naye alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, na akakiri kwamba ametenda dhambi (Mathayo 27:3-5). Fedha ilirudi hekaluni yote, yeye mwenyewe hakurudi kwa Bwana.

Ndipo wawili wetu wakamsindikiza mwenzetu kijijini, na doti ya khanga na sukari kilo mbili. Shemeji yake mkubwa alimpokea vizuri, akaomba kwa ajili yake kaburini. Wifi yake, yule aliyemwuguza marehemu mpaka mwisho, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akanyanyuka akaenda jikoni na hakurudi barazani mpaka wageni walipoondoka.

Katika basi wakati wa kurudi mwenzetu aliuliza, “Sasa nimesamehewa au sijasamehewa?”

Ni swali zuri, na tungependa mahubiri yalijibu mara nyingi zaidi kuliko yanavyofanya. Msamaha wa wifi ni wa wifi. Ana uchungu wake, aliuguza usiku na mchana peke yake, na hakuna anayeweza kumharakisha. Msamaha wa Mungu haukai barazani ukingoja wifi atoke jikoni. Daudi alipotubu alikuwa na mtu ambaye hawezi tena kumwomba radhi, maana Uria alikuwa kaburini, na hata hivyo Nathani alimwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake (2 Samweli 12:13). Kama msamaha wa Mungu ungengoja mpaka waliokosewa wote waridhike, waliokosea wafu wasingekuwa na tumaini lolote.

Tuongeze neno moja kwa haraka. Yapo mambo ambayo akina mama tunayaomba msamaha na wala si dhambi. Mimba iliyoharibika yenyewe. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu. Kuishiwa maziwa. Kama kuna mtu, awe ndugu wa mume au mhubiri wa mkutano, amekuambia kwamba hayo ni malipo ya dhambi zako, msome Yohana 9:1-3, Yesu alivyowajibu wanafunzi wake habari za kipofu. Halafu uende kliniki.

Sasa kukua katika imani kunaingiaje hapa? Wengi tunadhani kukua ni kuongezewa mzigo: maombi marefu zaidi, mfungo zaidi, vikao zaidi. Mtume Petro ametupa neno jingine. Anataja wema, maarifa, kiasi, saburi na upendo, kisha anasema kwamba mtu asiyekuwa na hayo amesahau kwamba alitakaswa dhambi zake za zamani (2 Petro 1:5-9). Yaani kinachomdumaza Mkristo ni kusahau kwamba amekwisha kuoshwa. Na Petro alijua anachosema. Alimkana Bwana karibu na moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na baada ya ufufuo Bwana alimngoja ufuoni kwa moto wa makaa mwingine, wenye samaki na mkate. Katika Injili ya Yohana mioto hiyo ya makaa ni miwili tu (18:18 na 21:9). Kwanza Bwana aliwalisha. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza mara tatu juu ya upendo, akampa kondoo wake awachunge. Kazi Petro alipewa nyingi, lakini alipewa akiwa ameshiba.

Mwenzetu aliketi pamoja nasi Jumapili ya Meza ya Bwana mwezi ule. Alitetemeka kidogo alipopiga magoti, tulimwona. Alhamisi iliyofuata alifika saa tisa kamili badala ya saa nane, akaketi kwenye mkeka, akanywa chai aliyomiminiwa na mwingine. Sufuria zilioshwa na wengine siku hiyo, na kusema kweli hazikung'aa kama anavyozing'arisha yeye. Sasa ameanza tena kuziosha, akiwa zamu yake. Mkwe wake amejifungua mtoto wa kike, naye alikwenda kumkanda majuma matatu, akarudi na habari nyingi za mjukuu kuliko tulivyokuwa na muda wa kuzisikiliza.

Wifi bado hajasema neno. Wakati wa Pasaka mwenzetu alimpelekea salamu, hazikujibiwa. Mwezi uliopita mtoto wa wifi alikuja akitokea kijijini, akasema mama ameuliza kama shangazi ana mbegu za mchicha. Alifungiwa za mchicha, akaongezewa na za maboga.