Kijiji Kinachopiga Kura Usiku wa Manane

Msafiri atokaye mji wa Boston, nchini Marekani, na kushika njia ya kaskazini kwa motokaa, huiacha miji mikubwa nyuma yake mapema. Baada ya mwendo wa zaidi ya saa tatu barabara huingia katika misitu minene, kisha hupenya katikati ya majabali yaliyosimama wima. Hapo ndipo penye Dixville Notch, katika jimbo la New Hampshire, kiasi cha kilometa 30 tu kutoka mpaka wa Kanada. Neno Notch lina maana ya upenyo kati ya milima. Pana ziwa dogo, pana majengo ya hoteli kubwa iitwayo Balsams, na nyumba chache za watu. Mgeni asiyeambiwa aweza kupita asijue kwamba amepita kijijini.

Walakini, kila baada ya miaka minne, Jumanne ya uchaguzi wa Rais inapoingia, waandishi wa habari na wapiga picha hufurika hapo, wakawa wengi kuliko wenyeji. Itimiapo saa sita kamili ya usiku wenyeji hupiga kura. Baada ya dakika chache kura huhesabiwa, na matokeo hutangazwa duniani wakati raia wengi wa nchi hiyo wangali wamelala. Sheria ya New Hampshire huruhusu kituo kufungwa mara watu wote walioandikishwa wanapokwisha kupiga kura. Kwa hiyo hapana budi kila mmoja awepo. Mahali pengine serikali huhimiza watu wajitokeze. Hapa asiyetokea huonekana mara moja, kwa kuwa kiti chake ki wazi.

Desturi hiyo ilianza mwaka 1960. Aliyeianzisha ni Neil Tillotson, mwenye hoteli hiyo, ambaye pia alikuwa na kiwanda cha vitu vya mpira papo hapo kijijini. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetumbukiza kura ya kwanza, hadi alipofariki mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 102. Ndani ya hoteli kilitengwa chumba maalumu cha uchaguzi, na kila mpiga kura alikuwa na kijumba chake cha kupigia kura, ili wote wapige kwa pamoja.

Je, wanakijiji hawa huelemea upande gani? Mwaka 1960 kura zote 9 zilikwenda kwa Richard Nixon wa chama cha Republican, lakini taifa likamchagua John Kennedy. Mwaka 1964 Barry Goldwater alipata 8 dhidi ya 1 ya Lyndon Johnson, na Johnson ndiye aliyeshinda nchini. Mwaka 1968 wakageuka, wakampa Hubert Humphrey wa Democratic kura 8 na Nixon 4. Safari hiyo Nixon akashinda! Basi anayekwenda Dixville Notch kutafuta utabiri amepotea njia. Baada ya hapo kijiji kilishikamana na Republican hadi mwaka 2008, Barack Obama alipopata kura 15 dhidi ya 6 za John McCain. Mwaka 2012 Obama na Mitt Romney waligawana sawa, 5 kwa 5.

Msomaji ataona kwamba hesabu hizo zinapungua. Mwaka 2004 waliopiga kura walikuwa 26; mwaka 2008, 21; mwaka 2012, 10; mwaka 2016, 8; na mwaka 2020 walibaki 5. Sababu yake haimo katika siasa za vyama. Hoteli ilifungwa mwaka 2011, na mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mtu hufuata riziki yake, na aondokapo huondoka pamoja na kura yake. Mwaka 2019 ilikuwa shida hata kupata watu wa kutosha kushika nafasi zinazotakiwa na sheria ili uchaguzi ufanyike. Desturi iliokolewa pale mmoja wa waliopanga kuifufua hoteli alipohamia kijijini.

Aidha, uchache una taabu nyingine. Mwaka 2020 kura zote 5 zilimwangukia Joe Biden. Matokeo yalipotangazwa, siri ya kila mpiga kura ilitangazwa nayo. Katika mji mkubwa mtu hujificha ndani ya wingi. Kijijini hapa jirani aweza kukujua kwa kujumlisha na kutoa tu.

Pamoja na hayo hawakuacha. Novemba 2024 walikuwa 6: wanne wameandikishwa kuwa Republican, wawili hawakutaja chama. Wimbo wa taifa ulipigwa kwa kodiani, kisha wakapiga kura. Kamala Harris alipata 3, Donald Trump 3. Kwa hiyo angalau mtu mmoja alikiacha chama alichoandikishwa akafuata alivyoona mwenyewe, huku akijua kwamba majirani watano watakisia ni nani.

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba, na kura 6 ni haba kweli katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 150. Wazee wa kijiji hiki walijenga desturi ya kutokosekana hata mmoja, nayo ni ya kusifiwa. Lakini kijiji kilichowahi kuwa na kura 26 kilipungua hadi 5 bila uchaguzi wowote kuamua hivyo. Kilipunguzwa na mlango wa kazi uliofungwa. Anayetaka kujua hali ya watu wa mashambani asiishie kuuliza wamempigia nani. Na aulize pia wangapi wamebaki, na wanakula nini.