Kwa Vespa ya Baba Mkwe, Mpaka Jambiani

Kuna wanandoa wanaopimana uvumilivu kwa kujenga nyumba, wengine kwa kufungua duka la pamoja. Sisi tulipimwa na Vespa. Tena si ile mpya ya kupiga picha za harusi, ni PX150 ya miaka ya 80, rangi ya bluu iliyochujuka, na kutu inayokusalimia kabla hujaigusa.

Mgeni akishuka botini pale Malindi anategemea kunusa karafuu. Mie tangu niolewe Unguja, harufu inayoniambia nimefika ni ile ya petroli iliyochomwa pamoja na oili. Kwa miaka mingi Vespa ndiyo ilikuwa usafiri wa mwalimu, karani na fundi cherehani wa mjini. Siku hizi pikipiki za India na China zimezipiku kwa wingi, lakini hazijazimaliza. Kaa dakika chache tu Darajani utaisikia moja kabla hujaiona.

Ya kwetu ilikuwa ya baba mkwe, Mungu amrehemu, mwalimu wa hesabu. Alipofariki ilisukumwa bandani Kikwajuni, ikafunikwa turubai, ikakaa miaka mitatu. Kisha mwenye hoteli mmoja akaitupia jicho. Alitaka kuiweka mapokezi ili wageni wapige nayo picha, na dau lake lilikuwa shilingi milioni 3.

Sasa fikiria: sisi tuna kiwanja Kigamboni kinachosubiri msingi. Shemeji yangu aliyeko Muscat akasema iuzwe tugawane. Wifi akasema lolote litakaloamuliwa, sawa. Mume wangu hakusema kitu, na kimya chake ndicho kilichonitia wasiwasi. Tangu siku ya mazishi hakuwa amerudi Jambiani, alikozaliwa baba yake na alikozikwa. Kila Idd ilikuja na sababu yake: mara kazi, mara boti, mara homa.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. "Chombo cha kutembea hakiwekwi kikapigwa picha. Kitengenezeni, mwende nacho Jambiani mkamzuru baba yenu. Kikifika na kurudi, kibaki. Kisipofika, kiuzwe, na mie nsisikie tena maneno."

NYIGU KUTOKA PONTEDERA

Kwanza tujuane na chombo chenyewe. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu, na ukiitazama kwa nyuma, kiuno chembamba na makalio mapana, jina linajieleza lenyewe. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege, na kiwanda chake cha Pontedera kilibomolewa kwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha watu walihitaji usafiri rahisi, na barabara zilikuwa hoi. Kazi akapewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa helikopta ambaye pikipiki alikuwa hazipendi hata kidogo.

Kwa kuwa hazipendi, akaziondolea kila kinachoudhi. Injini akaificha chini ya bodi isichafue nguo. Mnyororo akautupa. Gia akazileta mkononi, upande wa kushoto. Tairi la mbele akalishika kwa upande mmoja tu, kama tairi la ndege, ili likipata pancha ulitoe upesi. Katikati akaacha wazi, mtu apande bila kurusha mguu. Ndiyo maana hata aliyevaa buibui hukaa juu ya Vespa kwa heshima zake zote. Hataza iliombwa tarehe 23 Aprili 1946, na kufika mwaka 1956 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni moja.

Kuna na hili la kuchekesha. Mwaka 1948 Piaggio walitoa ndugu yake wa magurudumu matatu, wakamwita Ape, yaani nyuki. Kampuni ya Bajaj ya India nayo ilianza utengenezaji wake kwa leseni ya Piaggio, ikiunda vyombo vya magurudumu mawili na matatu. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Dar, bajaji inayokubana kila asubuhi pale Mwenge ni mjukuu wa nyuki wa Kitaliano.

JUMAMOSI KWA FUNDI

Kwa miezi miwili tulivuka kila Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi tukawa gereji, Mwembetanga. Pale ndipo nilipogundua kuwa mwenye Vespa kongwe hayuko peke yake. Hakuna chama, mwenyekiti wala fulana za kufanana. Kuna benchi, chupa ya kahawa, na watu wanaokuja na vyombo vyao "kuangaliwa kidogo", wakaondoka Magharibi. Yupo mzee mstaafu wa bandarini, kijana wa benki anayekuja na tai mfukoni, na nesi mmoja ambaye Vespa yake inawaka kwa kiki moja. Kila anapoiwasha wanaume wote hutazama pembeni.

Fundi hakuanza na injini. Aliilaza ubavu, akachukua bisibisi na kugonga sakafu pale panapokaa miguu, taratibu, kama daktari anayegonga kifua. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Bodi yenyewe ya chuma ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu ya sakafu si suala la urembo, ni suala la roho. Na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Tulipata tundu mbili karibu na pedali ya breki. Zikakatwa, zikachomelewa bati jipya, zikapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi nyingine yoyote.

Tenki lilikuwa na petroli ya miaka mitatu iliyogeuka kama gundi. Likamwagwa, wakatia ndani mnyororo mdogo na petroli safi kidogo, kisha kijana wa benki na mume wangu wakalitikisa kwa zamu mpaka kutu yote ikatoka. Kabureta ilifunguliwa, vitundu vyake vikapulizwa kwa upepo wa kompresa. Sili za kranki zilikuwa zimekauka zikabadilishwa, maana zikivuja injini huvuta hewa isiyotakiwa, moto unakuwa mkali, na pistoni inaweza kukwama ukiwa njiani. Tukanunua ringi mpya, waya wa klachi, nyaya mbili za gia, tairi na mipira ya breki. Jumla na ufundi: laki nne na ushee. Nami nilikuwa naandika kila shilingi, maana nani asiyemjua mwanamume akiwa duka la spea?

Kazi yangu ya pili ilikuwa kushika tochi. Jamani, kama hamjawahi kugombana kwa sababu ya tochi, bado hamjaoana vizuri. "Mulika hapa." "Hapa ndo hapa." "Si hapo, hapa!" Lakini mikono ikiwa na kazi, mdomo nao hufunguka. Mtu ambaye miaka mitatu alikuwa anajibu "niko poa" kwa kila swali, akaanza kusema. Kwamba baba alikuwa akimpeleka shule akiwa amesimama mbele, katikati ya mikono yake. Kwamba hakuwahi kumsomea dua pale alipolala, na kila mwaka unaopita aibu inaongezeka, na aibu ndiyo inayomzuia kwenda. Nilimulika tu. Sikusema neno.

Jumamosi ya mwisho ilipigwa kiki ishirini bila majibu. Mume wangu, bila kufikiri, akaiinamisha upande wa injini, akahesabu kimya kimya, akainyanyua na kupiga kiki tena. Ikawaka. Mzee wa bandarini alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Mwalimu huyo! Mwalimu mtupu! Alikuwa akiilaza hivyo hivyo!"

NJIANI

Tuliondoka Jumapili saa moja asubuhi, Vespa tano, helmeti kichwani kwa kila mmoja, mpanda na mpakiwa. Toka mjini hadi Jambiani ni kilomita hamsini na kitu. Kwa gari ni mwendo wa saa moja na dakika chache. Kwa ringi mpya fundi alituwekea sheria: usivuke 50 kwa saa, na petroli atie oili zaidi kidogo ya kawaida mpaka injini izoee.

Kupanda Vespa nyuma ya mumeo ni kuiona Unguja kwa pua. Michenzani kulinukia chapati. Mwanakwerekwe samaki na mbogamboga. Ukishapita Tunguu joto la mji linaachia, minazi na miembe inakuzunguka, halafu ghafla ubaridi wa Jozani unakupiga usoni. Msitu huu ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Hapa ndipo nyumbani kwa kima punju, ambaye porini hapatikani popote duniani nje ya Zanzibar. Barabarani kuna matuta ya kupunguza mwendo kwa ajili yake, maana zamani magari yalikuwa yakiwagonga sana. Tukayapita polepole, na kima juu ya matawi wakitutazama kama wenye nyumba.

Mbele ya Kitogani chombo kikaanza kukohoa, kikapoteza nguvu, kikazima. Wote watano tukasimama. Nilishika bega la mume wangu nikahisi limekuwa jiwe. Alitazama barabara tuliyotoka, akasema, "Pengine basi." Nilijua hazungumzii Vespa peke yake.

Nesi hakuuliza mtu. Akafungua plagi, ikatoka nyeusi tii, imeloa masizi. "Oili ya ringi mpya na mwendo wa matuta," akasema. Akatoa nyingine mkobani, akaifunga, akapiga kiki mwenyewe. Dakika sita. Kisha akamtazama mume wangu. "Haya shemeji, sababu imekwisha. Panda."

Paje bahari ilikuwa imekupwa, maji yako mbali kama mstari wa chaki. Tukageukia kusini. Wanawake walikuwa kwenye vitalu vya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 80 na kuwapa wengi wao pesa ya mkononi mwao. Jambiani shangazi alitupokea barazani. Wanaume wakaenda makaburini, sie wanawake tukabaki na shangazi tukikuna nazi. Walikaa muda. Mume wangu aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaomba maji, akanywa yote, akasema, "Nimemwambia imefika."

Tukala wali na pweza wa nazi, tukarudi.

Kikwajuni mama mkwe alikuwa ameshasimama mlangoni. "Nimekisikia tokea Michenzani," akasema. Kisha akauliza jambo moja tu: "Mwenye hoteli mmeshamjibu?" Shemeji wa Muscat alitaka arekodiwe mlio wake kwenye WhatsApp. Alikaa kimya siku nzima, halafu akatuma pesa ya rangi. Msingi wa Kigamboni umesogea mbele miezi kadhaa, na hilo tulilikubali mezani, wawili, tukiwa na daftari langu la hesabu mbele yetu.

KAMA NANYI MNATAKA

Kabla ya kununua, ilazeni na kukagua sakafu kwa chini. Rangi nzuri juu inaweza kuficha bati lililooza. Gongeni kwa bisibisi, mkisikia sauti ya karatasi, ondokeni.

Kwa Vespa isiyo na pampu yake ya oili, mchanganyiko wa kawaida kwa PX ni asilimia 2: mililita 100 za oili ya 2T kwa lita 5 za petroli. Msikadirie kwa macho.

Someni plagi. Ikiwa na rangi ya andazi lililoiva, injini ina afya. Nyeusi na mbichi, mafuta yamezidi. Nyeupe, inaungua, simameni kabla haijakwama.

Msitoke mjini bila plagi ya akiba, waya wa klachi, spana yake na tairi la spea lenye upepo. Kwenye PX lipo ndani ya shavu la kushoto, na wengi hulisahau mpaka siku ya pancha.

Ikipaki karibu na bahari, ifuteni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ikaushwe.

Helmeti ni mbili, si moja. Anayekushika kiuno naye ana kichwa.

La mwisho ni la nyumbani. Kama mwenzako ana chombo kikuukuu bandani, redio, cherehani, baiskeli, chochote cha mzazi wake, usiulize kwanza kitauzwa bei gani. Muulize nani alikuwa akikitumia. Halafu shika tochi, umulike, na unyamaze kidogo.