Macho Yangu Hayakuwa na Kosa

Kwa muda wa miezi miwili niliamini kwamba macho yangu yanakwisha. Herufi katika kompyuta yangu zilikuwa nene na zenye ukungu, na kila duara lilikuwa limebanwa kama yai lililolazwa. Nikabadilisha miwani, ukungu ukabaki palepale. Kuhariri maandishi ndiyo kazi inayonilisha, nami nilikwisha anza kuwaambia watu wangu kwamba nitaiacha.

Siku moja mpwa wangu alinitembelea. Akaitazama kompyuta, ambayo inatumia Linux, akacheka kidogo. "Mjomba, macho yako mazima. Kioo na kompyuta ndivyo visivyosikilizana."

Akanieleza. Kioo huiambia kompyuta vipimo vyake kupitia nyuzi maalumu zilizo ndani ya waya. Waya wangu wa VGA, wa bei ya chini, haukuwa na nyuzi hizo. Kompyuta, kwa kukosa habari, ilikisia nukta 1024 kwa 768, ilhali kioo kina 1920 kwa 1080. Picha ndogo ikavutwa ijaze nafasi kubwa.

Aliandika amri ya cvt, ikampa vipimo. Kisha akaandika amri tatu za xrandr: ya kwanza kukitambulisha kipimo kipya, ya pili kukikabidhi kwa tundu la VGA, ya tatu kukitumia. Kioo kikazimika kitambo kidogo, kikawaka. Herufi zikasimama wazi kama za kitabu kipya. Sikusema neno; nilivua miwani nikaifuta bila sababu.

Kesho yake nilipowasha, ukungu ulikuwa umerudi. Amri zile hazidumu. Kompyuta ikizimwa, huzisahau. Niliona haya kumwita tena. Nikachukua daftari nilimonakili amri zake, nikaziandika zote tatu katika faili moja, juu yake mstari wa #!/bin/sh. Nikalipatia faili ruhusa ya kutenda kazi kwa chmod +x, nikaliweka miongoni mwa programu zinazoanza mara niingiapo. Mistari minne tu, na tangu hapo haijanisumbua.

Najua waya mzuri ungalimaliza yote. Lakini linalonirudia moyoni si waya. Nilikuwa tayari kuacha kazi ya maisha yangu kwa kosa lisilo langu, kwa kuwa katika umri huu mtu hudhani kila hitilafu ni uzee. Kuuliza kungalinigharimu dakika tano na aibu kidogo.